Litiamu yote usiku?

Kwa wengi wetu dawa ni kutwa mara tatu. Ndiyo maana mtu mwenye baipola, ugonjwa unaompandisha mtu mori hadi usingizi ukamhama kisha ukamwangusha kwenye sonona, huingiwa na shaka daktari anapomwambia ameze litiamu yote ya siku kwa mkupuo mmoja kabla ya kulala. Ushauri huo una mashiko. Litiamu haina haraka ya kutoka mwilini: kwa mtu mzima ambaye figo zake ni nzima, kiasi kilichomo katika damu huchukua takriban saa 18 hadi 36 kupungua kwa nusu. Kuigawa mara tatu basi hakuongezi kinga kubwa. Figo ndizo huiondoa karibu yote, na wanaoimeza mara moja kwa siku mara nyingi hawasumbuliwi sana na ule mkojo mwingi ambao dawa hii huuleta.

Kuna wanaohofu kwamba dozi kubwa itapandisha dawa ghafla katika damu. Ni kweli hupanda, ila mgonjwa huwa amelala, na vipo vidonge vinavyoyeyuka taratibu. Wengine huuliza: akisahau je, si siku nzima imepotea? Imepotea, lakini dozi moja ni rahisi kukumbuka kuliko tatu. Na aliyesahau asimeze maradufu kesho yake. Swali gumu zaidi ni hili: kama mara moja yatosha, kwa nini isiwe siku moja kumeza na siku moja kuacha? Watafiti wa Denmark walilijaribu hilo, na matokeo yao ya mwaka 1995 yalionyesha ugonjwa ukirudi zaidi kwa waliorukisha siku.

Panapohitaji umakini ni kwenye kipimo cha damu. Kwa kawaida wengi hulengwa wawe kati ya 0.6 na 0.8 milimoli kwa lita, saa 12 baada ya dozi. Aliyemeza saa 3 usiku atolewe damu saa 3 asubuhi. Foleni ya maabara ikimchelewesha hadi adhuhuri, namba itashuka na kumdanganya daktari. Tena, kwa dozi ileile ya siku, anayemeza usiku tu huonyesha namba ya juu kidogo kuliko anayegawa. Kwa hiyo ratiba isibadilishwe nyumbani kimyakimya. Kuharisha, jasho jingi, saumu bila maji ya kutosha, au vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vya duka la dawa vinaweza kupandisha litiamu hadi iwe sumu, hata kama saa ya kumeza haikubadilika.