Panya Akikuuma, Usipuuze

 

Husemwa kwamba panya huuma akipuliza. Wengi wanaoumwa usiku hawahisi kitu mpaka alfajiri, wanapoona damu kwenye shuka au kidole cha mtoto kimetobolewa. Wengine huumwa mchana: mkulima anapoinua mabua ya mahindi yaliyorundikwa shambani, au wavulana wanapofukua mashimo kuwinda panya na fuko. Jeraha ni dogo, haliumi sana, na baada ya siku chache limesahaulika. Hapo ndipo penye hatari.

Iwe ni panya wa nyumbani au wa shambani, hatua za kuchukua ni zile zile.

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15. Kama huna mfereji, mwagia maji kwa kikombe au jagi. Sabuni ya kipande ya kufulia yatosha. Damu ikiendelea kutoka, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka ikome, kisha ufunike jeraha.

Usilinyonye jeraha kwa mdomo. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Udongo na kinyesi ndimo viini vya pepopunda hukaa, nawe utakuwa unavitia mwilini kwa mkono wako mwenyewe.

Pili, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, au asubuhi kukipambazuka. Kama ni mtoto, beba kijitabu chake cha kliniki. Chanjo ambazo watoto hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda, na mhudumu atataka kujua kama alizimaliza. Wewe mtu mzima, jaribu kukumbuka ulidungwa lini mara ya mwisho. Kwa jeraha chafu kama hili, ikiwa imepita zaidi ya miaka 5, kwa kawaida utadungwa tena. Unaweza pia kupewa antibiotiki, hasa kama umeumwa mkononi au usoni, au kama una kisukari. Ukipewa, maliza dozi yote.

Pengine unajiuliza, je, kichaa cha mbwa? Hapa Kenya ugonjwa huo huenezwa hasa na mbwa. Ni nadra sana kuupata kwa panya. Lakini kama kulikuwa na giza na hukumwona mnyama vizuri, mweleze daktari hivyo. Nguchiro, kwa mfano, si jamaa ya panya, na anaweza kuwa na kichaa. Daktari ndiye ataamua kama unahitaji chanjo.

Tatu, na hili ndilo husahaulika zaidi: hesabu siku. Kuna ugonjwa unaoletwa na bakteria wanaoishi mdomoni mwa panya, hata panya anayeonekana mzima. Mara nyingi huanza siku 3 hadi 10 baada ya kuumwa, lakini unaweza kuchelewa mpaka wiki 3. Mgonjwa hupata homa ya ghafla, kutetemeka, kutapika, na maumivu ya kichwa na misuli. Baadaye viungo huuma na kuvimba, na vipele hutokea mikononi na miguuni. Wakati huo jeraha huenda limepona kabisa, na hakuna anayekumbuka panya.

Sasa fikiria, msikilizaji. Mtoto ana homa, anatapika, anatetemeka. Jambo la kwanza utakalosema ni malaria. Utanunua dawa za malaria dukani, na siku zitapita bila nafuu. Ugonjwa huu hutibika vizuri kwa penisilini, lakini usipotibiwa unaweza kufika kwenye moyo na kuua. Kwa hiyo, homa ikitokea ndani ya wiki 3, mpeleke mgonjwa hospitali apimwe, na useme wazi: "Aliumwa na panya siku fulani." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Andika tarehe kwenye kalenda ukutani ili usisahau.

Jeraha lenyewe pia liangalie kila siku. Likivimba, likiwa jekundu, likitoa usaha, au mitoki ikitokea, rudi kwa daktari.

Kuzuia nako hakuna gharama kubwa. Mnawishe mtoto mikono na mdomo kabla hajalala, kwani harufu ya chakula humwita panya. Chomeka chandarua chini ya godoro. Weka unga na nafaka katika chombo chenye kifuniko, na uzibe matundu ya ukuta. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi aiangalie kila asubuhi, kwa maana anaweza kuumwa asijue. Na panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mwondoe kwa koleo na umzike.

Kwa ufupi basi: osha dakika 15, nenda kliniki, hesabu wiki 3.