Waliposema "Tuondoke", Walisema Nini?

Tarehe 23 Juni 2016, Mkenya aliyekuwa na kibali cha kuishi London alikuwa na haki ya kupiga kura kuamua kama Uingereza ibaki katika Umoja wa Ulaya au iondoke. Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda nao walikuwa na haki hiyo, kwa kuwa nchi zao ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Mfaransa aliyeishi mtaa huohuo miaka thelathini, akalipa kodi na kusomesha watoto hapohapo, hakuwa nayo. Wala hakuwa nayo Mwingereza aliyekaa ng'ambo zaidi ya miaka 15. Harry Shindler, askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliyekuwa akiishi Italia, alikwenda mahakamani kupinga ukomo huo, akashindwa. Vijana wa miaka 16 na 17, ambao Scotland iliwaruhusu kupiga kura ya uhuru wake mwaka 2014, safari hii waliachwa nje.

Naanzia hapa kwa sababu sisi tunaochunguza maoni ya umma huulizwa kila siku wananchi wanasemaje, ilhali jambo la kwanza la kujibu ni wananchi wepi. Mipaka hiyo iliwekwa na Bunge kwa sheria, mchana kweupe, kabla kampeni haijaanza. Sioni njama ndani yake. Lakini raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza walikaribia milioni tatu, na pengo kati ya washindi na walioshindwa lilikuwa kura 1,269,501. Pengo likiwa dogo hivyo, nani yumo kwenye daftari na nani hayumo ni sehemu ya matokeo yenyewe.

Waliotaka kuondoka walikuwa 17,410,742, yaani asilimia 51.9. Waliotaka kubaki walikuwa 16,141,241. Kati ya kila watu 100 walioandikishwa, 72 walijitokeza. England na Wales zilichagua kuondoka. Scotland ilichagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini kwa asilimia 55.8. Katika wilaya ya Boston, mashariki mwa England, watu watatu kati ya wanne walitaka kutoka. Lambeth, kusini mwa London, karibu wanne kati ya watano walitaka kubaki. Umri nao uligawa nyumba: takriban saba kati ya kumi ya vijana wa chini ya miaka 25 walichagua kubaki, na takriban sita kati ya kumi ya wenye miaka 65 na zaidi wakachagua kuondoka.

Swali lenyewe lilitungwa kwa uangalifu mkubwa. Serikali ya David Cameron ilipendekeza swali la ndiyo au hapana: je, Uingereza ibaki kuwa mwanachama? Mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi ikashauri libadilishwe, mpiga kura achague kati ya kubaki na kuondoka, kwa sababu neno "ndiyo" humpa faida aliyelipata. Ushauri ulikubaliwa, na ulikuwa sahihi. Hata hivyo swali lililotungwa kwa haki laweza bado kuwa swali pungufu. Ni kama ukoo kupiga kura ya kuhama nyumba pasipo kutaja nyumba ya kuhamia. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo ndani ya soko la pamoja na inapokea wafanyakazi wa nchi wanachama bila vikwazo. Uturuki haimo, lakini ina umoja wa forodha nao. Kanada haimo, ina mkataba wa biashara tu. Nchi zote tatu ziko "nje", na maisha ya mfanyabiashara, mkulima au mhamiaji katika kila moja ni tofauti kabisa. Waliopiga kura ya kuondoka wangeweza kumaanisha yoyote kati ya hizo, au nyingine isiyokuwepo popote.

Hapa kuna kanuni ambayo Mfaransa Condorcet aliieleza tangu karne ya 18. Kundi la watu laweza kukataa kila chaguo likilinganishwa na jingine, ingawa kila mmoja wao anajua vizuri anachotaka. Waingereza waliiona kwa macho yao mwaka 2019. Mkataba wa kuondoka wa Waziri Mkuu Theresa May uliangushwa bungeni mara tatu, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Tarehe 27 Machi wabunge wakapewa njia nane wachague. Zote nane zikakataliwa. Siku tano baadaye wakarudia kwa njia nne. Umoja wa forodha ukakosa kwa kura tatu, 273 dhidi ya 276, na nyingine zikaanguka pia.

Magazeti mengi yaliandika kwamba Bunge limewasaliti wananchi. Mimi naamini Bunge liliwaakisi wananchi kuliko wakati mwingine wowote. Wingi wa kuondoka ulikuwepo. Wingi wa kwenda mahali fulani haukuwepo, bungeni wala mitaani.

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Tangu hapo vichwa vya habari vimekuwa vikitangaza kwamba Waingereza wanajuta. Takwimu zipo: kampuni ya YouGov, ambayo imeuliza swali lilelile kwa miaka mingi, ilikuta Novemba 2022 kwamba asilimia 56 wanaona kuondoka kulikuwa kosa, na asilimia 32 wanaona kulikuwa sahihi. Miaka miwili na ushei baadaye namba hizo hazikuwa zimesogea sana. Msomaji akiona hivyo hudhani mamilioni ya watu waliosema "tuondoke" wamegeuka. Baadhi wamegeuka, kweli. Lakini kati ya waliopiga kura ya kuondoka, wanaokiri kuwa ilikuwa kosa ni chini ya mmoja kati ya watano. Mabadiliko mengine yanatoka wapi?

Nifanye hesabu ya makadirio. Kila mwaka watu zaidi ya 600,000 hufariki Uingereza, wengi wao wazee, na vijana wapatao 700,000 hutimiza miaka 18. Tuseme 480,000 kati ya marehemu hao walipiga kura mwaka 2016, sita kati ya kumi wakichagua kuondoka. Upande huo unapoteza faida ya kura 96,000 kwa mwaka. Tuseme vijana 420,000 kati ya wapya wangejitokeza, saba kati ya kumi wakitaka kubaki. Upande wa pili unaongeza faida ya 168,000. Jumla ni 264,000 kila mwaka, na pengo lile la 1,269,501 linafutika ndani ya miaka mitano bila mpiga kura hata mmoja wa 2016 kubadili mawazo. Ongeza waliokaa nyumbani siku ile: Profesa John Curtice wa Chuo Kikuu cha Strathclyde ameonyesha mara kwa mara kwamba wakiulizwa leo, hao huegemea upande wa Ulaya. Hesabu kama yangu ina udhaifu wake, kwani vijana nao huzeeka na msimamo hubadilika. Inatosha lakini kuonyesha kwamba umma unaweza kubadilika huku watu wake wakibaki vilevile.

Kisha kuna maswali yanayochanganywa kila siku kana kwamba ni moja. Ukiuliza kama Brexit, yaani huko kuondoka, imefanikiwa au imeshindwa, karibu sita kati ya kumi hujibu imeshindwa, na waliobaki wengi hawana jibu la wazi. Wanaosema imefanikiwa ni takriban mmoja kati ya kumi. Angalia pengo hilo. Wako watu wanaoona kuondoka kulikuwa sahihi na papo hapo wanaona Brexit imeshindwa. Si wendawazimu. Mpiga kura wa Boston aliyetaka wahamiaji wapungue aliona ongezeko halisi la wahamiaji, yaani walioingia ukitoa waliotoka, likipita 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, wengi wakitoka nje ya Ulaya, India na Nigeria zikiwa miongoni mwa nchi zilizoongoza. Kwake yeye uamuzi ulikuwa mzuri na waliopewa kuutekeleza ndio waliouharibu. Mwanasiasa anayemhesabu mtu huyu miongoni mwa wanaotaka kurudi Ulaya anamsingizia.

Kuhusu kurudi, tafiti za miaka ya karibuni huonyesha zaidi ya nusu wakiunga mkono Uingereza ijiunge upya. Serikali ya Keir Starmer, iliyoingia madarakani Julai 2024, imeikataa njia hiyo pamoja na soko la pamoja na umoja wa forodha, na wakosoaji wake wanaitupia takwimu hizo usoni. Wanachosahau ni kwamba Uingereza ya zamani ilikuwa mwanachama mwenye upendeleo: haikutumia sarafu ya euro, haikuwa katika eneo la kusafiri bila pasipoti, na ilirejeshewa sehemu ya michango yake tangu Margaret Thatcher alipoidai na kuipata mwaka 1984. Mwanachama mpya hana hakika ya kupewa hayo. YouGov walipouliza kuhusu kurudi bila upendeleo huo, euro ikiwemo, wanaounga mkono walishuka chini ya nusu.