Visiwa kwa Hisani ya Maji

Kisiwa cha Crescent, kilicho upande wa mashariki wa Ziwa Naivasha katika kaunti ya Nakuru, ni sehemu ya ukingo wa kasoko, yaani shimo la duara linalobaki mdomoni mwa volkano baada ya moto wake kutulia, na umbo lake la mwezi mchanga, ambalo ndilo lililokipa jina hilo la Kiingereza, hutokana na ukweli kwamba nusu moja tu ya ukingo huo imeinuka juu ya maji huku nusu ya pili ikiwa imezama. Boti inayotoka ufuoni na kuingia katika ghuba iliyokumbatiwa na kisiwa hicho huwa inaelea juu ya tundu la volkano, na si ajabu kwamba hapo ndipo penye kina kirefu kuliko pote katika ziwa ambalo sehemu zake nyingine ni za kina kifupi mno kwa ukubwa wake. Abiria wengi hupita juu ya tundu hilo bila kulifikiria, kwa kuwa macho yao yamekwisha kuvutwa na viboko.

Safari za vyombo vidogo kuzunguka visiwa vya volkano kwa ajili ya kutazama wanyama zimepata sifa yake kubwa katika visiwa vya Galapagos, vilivyo mamia ya kilomita kutoka pwani ya Ekwado, ambako hakuna meli ya watalii inayoruhusiwa kubeba zaidi ya abiria 100. Katikati mwa Bonde la Ufa la Kenya kuna safari ya jamii hiyohiyo iliyopunguzwa kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: chombo ni boti ya wazi yenye injini moja nyuma na nafasi ya watu wasiofika kumi, muda ni saa moja au mbili badala ya wiki nzima, na bahari ni ziwa lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari yenyewe. Kipimo kisichopungua ni volkano. Anayesimama kwenye mgongo wa kisiwa cha Crescent huuona mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776 na kasoko yake kubwa kileleni, na upande wa kusini huona mvuke wa Olkaria, ambako maji yaliyochemshwa na miamba ya moto chini ya ardhi yamekuwa yakizalisha umeme tangu 1981.

Asili ya mandhari hayo ni kutanuka kwa ganda la dunia. Bonde la Ufa ni mahali ambapo ganda hilo linavutwa pande mbili, likapasuka na kudidimia katikati, na katika nyufa zilizotokea mwamba ulioyeyuka ukapata njia ya kupanda juu. Volkano nyingine zilijenga milima, nyingine zilimwaga hazina yao ya chini kwa kishindo kikubwa kiasi kwamba kilele kikakosa cha kukibeba, kikaporomoka ndani na kuacha bakuli pana liitwalo kaldera. Wakazi wa mji wa Nakuru wana mfano wake nyuma ya nyumba zao, kwa kuwa Menengai ni kaldera yenye kipenyo cha kilomita 12 hivi kwa upande wake mrefu. Maji ya mvua na mito yaliyoteremka kutoka kuta za bonde yalijikusanya katika mabonde madogo baina ya volkano hizo, na pale yalipozizingira kingo na vilele vyake, visiwa vikazaliwa.

Maziwa yaliyotokea, hata hivyo, hayafanani, na tofauti yao ndiyo inayoamua ni wapi boti itakuwa na kazi. Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi, ambayo maji yake hayana njia ya kutoka isipokuwa kwa kugeuka mvuke, hivyo chumvi hubaki na kuongezeka; ni makao ya heroe, huzungukwa kwa gari, na mwaka 2011 yaliingizwa kwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Naivasha na Baringo ni ya maji baridi ijapokuwa nayo hayana mto unaotoka, jambo lililowashangaza wasomi wa mwanzo hadi ilipoeleweka kwamba maji yake huvuja taratibu chini ya ardhi kupitia miamba ya volkano yenye nyufa na vitundu, yakitoka na chumvi zake. Volkano basi si mapambo tu katika maziwa hayo mawili. Ndiyo inayoyafanya yanyweke, yazae samaki, na kwa njia hiyo yawalishe ndege ambao watalii hulipa nauli ili kuwaona.

Jina la Naivasha ni matamshi ya kigeni ya neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na waendesha boti wa huko hawana haja ya kufafanuliwa maana hiyo, kwani ziwa huwa shwari asubuhi na kugeuka baada ya saa sita mchana upepo unapoanza, ndiyo maana safari nyingi za kuwatazama ndege hufanywa mapema. Utulivu huo huo wa asubuhi uliwahi kulifanya ziwa kuwa uwanja wa ndege: hadi 1950 ndege kubwa za Uingereza zenye uwezo wa kutua majini zilishusha hapo abiria wa Nairobi waliotoka Southampton. Leo wanaotua ni mwari, minandi na furukombe, yule ndege mkubwa wa jamii ya tai mwenye kichwa cheupe ambaye mlio wake husikika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Waongozaji wana desturi ya kumpigia mbinja na kumrushia samaki aliyechomekwa kipande cha funjo ili aelee, naye hushuka kutoka mtini na kumnyakua mbele ya kamera. Ni tamasha la kupendeza, ingawa mtu anayetaka kujua namna furukombe anavyoishi atajifunza zaidi kwa kumtazama akikosa windo lake mwenyewe mara tatu kuliko kwa kumwona akipokea posho.

Viboko hawahitaji kuitwa. Mchana hukaa majini kwa makundi, ngozi yao ikiogopa jua, na usiku hutoka kula majani nchi kavu; mwendesha boti mzoefu huacha nafasi ya kutosha, hupunguza mwendo, na huepuka hasa kupita baina ya kundi na maji ya kina, kwa sababu kiboko aliyeshtuka hukimbilia kwenye kina na hakichunguzi kilicho njiani. Mamba hakuna Naivasha, neema ambayo Baringo haikujaliwa. Kisiwani Crescent kwenyewe hakuna simba wala chui, na kwa hiyo abiria hushuka na kutembea kwa miguu katikati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro, wanyama ambao kwingineko hutazamwa kutoka dirishani mwa gari.

Neno kisiwa, katika ziwa hili, linapaswa kutumiwa kwa tahadhari. Kumbukumbu za ziwa zinaonyesha kwamba maji yalikuwa juu sana mwishoni mwa karne ya 19, yakashuka kwa miongo mingi hadi kufikia kima cha chini katikati ya miaka ya 1940, yakapanda tena, na kuendelea na mwendo huo wa kupanda na kushuka hadi ukame wa 2009 ulipoacha nyasi mahali ambapo samaki walikuwa wakivuliwa. Kila maji yanaposhuka vya kutosha, Crescent hugeuka kuwa rasi iliyoungana na bara, na wanyama na watu huingia kwa miguu. Kila yanapopanda, hurudi kuwa kisiwa na boti kurudi kuwa daraja pekee. Viumbe wa Galapagos walitengwa na bara kwa muda mrefu kiasi cha kugeuka kuwa aina mpya zisizopatikana kwingine. Viumbe wa Crescent hawajawahi kupewa muda huo, na twiga mmoja anaweza, katika uhai wake, kuwa mkazi wa bara na wa kisiwa bila kuhama.

Mfano ulio wazi kuliko wote wa mabadiliko hayo ulitokea kaskazini zaidi, katika Ziwa Baringo, ambako safari huanzia Kampi ya Samaki na maji yana rangi ya udongo unaoletwa na mito Molo na Perkerra kutoka miteremko iliyolishwa mifugo kupita kiasi. Kisiwa kikubwa cha huko, Ol Kokwe, ni mabaki ya volkano yenye chemchemi za maji moto zinazobubujika ufuoni, na tofauti na Crescent kina vijiji vya Wailchamus, jamii inayosema lugha ya Kimaa ambayo, kinyume na jamaa zake wa nyanda za malisho, imeutia uvuvi katika maisha yake. Mashua yao ya jadi hutengenezwa kwa kufunganisha vijiti vya mti mwepesi unaoota pembezoni mwa ziwa, na huwa nyepesi kiasi kwamba mvuvi hukaa karibu usawa wa maji, akipiga kasia kwa vibao viwili vidogo mikononi. Kisiwa kingine cha miamba, Gibraltar, kinajulikana na watazamaji wa ndege kwa viota vya korongo goliathi, ambaye ndiye mkubwa kuliko korongo wote wa jamii yake duniani.

Mwaka 2011 twiga wanane wa aina ya Rothschild waliletwa Longicharo, ambayo wakati huo ilikuwa rasi iliyoingia ziwani kutoka ukingo wa mashariki. Aina hiyo ya twiga, ambayo imebaki na chini ya wanyama 3,000 barani Afrika, huitwa pia twiga wa Baringo, kwa hiyo kuletwa kwao kulikuwa kurejeshwa nyumbani baada ya kutoweka huko kwa miongo mingi. Waliopokea dhamana ya kuwatunza ni hifadhi ya jamii ya Ruko, iliyoundwa na Wailchamus wa Rugus na Wapokoti wa Komolion, majirani waliokuwa na historia ndefu ya kuibiana mifugo na kuuana, na twiga wakawa mali ya pamoja ambayo pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kuilinda. Rasi ilichaguliwa kwa kuwa ingewalinda dhidi ya wawindaji haramu. Hakuna aliyetazamia kwamba maji yangekamilisha ulinzi huo kwa kukata njia kabisa.

Mvua za mfululizo zilizoanza karibu na mwaka 2010 ziliyajaza maziwa yote ya Bonde la Ufa. Wataalamu wanataja pia kuharibiwa kwa misitu na udongo katika milima, kunakofanya maji yateremke ziwani badala ya kunywewa na ardhi, na wengine huongeza misukosuko ya chini ya ardhi, ingawa mvua peke yake inaeleza sehemu kubwa. Baringo ilitanuka mno kupita eneo lake la awali kufikia 2020, ikameza hoteli, shule, zahanati na mashamba, na Longicharo ikawa kisiwa kilichozidi kupungua, chenye twiga waliokosa malisho ya kutosha na kulazimika kuongezewa chakula kinacholetwa kwa mashua.

Ufumbuzi ulikuwa chombo ambacho hakina mfano mwingine katika historia ya usafiri wa ziwa hilo. Jamii ya Ruko, pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na mashirika ya uhifadhi, ilitengeneza tishari la chuma, yaani chombo bapa kisicho na injini kinachovutwa na vingine, likaelea juu ya mapipa matupu na kuwekewa kuta ndefu ili abiria wake asiruke. Ugumu haukuwa uzito bali hofu. Twiga akidungwa dawa ya kulala hukabiliwa na hatari kubwa kutokana na umbile la shingo na mpigo wa damu yake, kwa hiyo tishari liliegeshwa kisiwani na baadhi ya wanyama wakazoeshwa kupanda wenyewe kwa kuwekewa vyakula wanavyovipenda ndani yake. Twiga jike aitwaye Asiwa, aliyekuwa amezingirwa na maji zaidi ya wenzake, alivushwa Desemba 2020, na wa mwisho walifika nchi kavu Aprili 2021, wote wakiwa tisa, wakaachiwa katika eneo lililozungushiwa ua ndani ya hifadhi ya Ruko. Picha za shingo ndefu ikichomoza juu ya kuta za chuma katikati ya maji ya kahawia zilisambaa duniani, na pengine hakuna safari ya chombo kidogo kando ya kisiwa cha volkano ambayo mnyama amewahi kuwa abiria na binadamu kuwa mtazamaji kwa kiasi hicho.

Kupanda huko kwa maji kumebadilisha kazi ya waendesha boti pia. Naivasha, mtaa wa Kihoto ulio ukingoni mwa mji ulifurika mwaka 2020, na boti zilizozoea kubeba watalii zikabeba magodoro na masufuria. Viboko nao, wakilifuata ziwa lilikokwenda, wakawa wanakula majani usiku baina ya nyumba. Mgunga wenye gome la manjano, mti uliokuwa ukitia kivuli kwenye ufuo, haustahimili mizizi yake kukaa majini kwa muda mrefu, na misitu mizima yake imekufa ikiwa imesimama. Njia ya boti kuelekea Crescent sasa hupita katikati ya vigogo hivyo vyeupe, injini ikiwa imepunguzwa ili isigonge matawi yaliyozama, na juu ya vigogo minandi wamejenga viota, wakitandaza mabawa yao kuyakausha katika jua la asubuhi.