Si kila aliyesoma sana hufaa kila kazi

Uthiru, magharibi mwa Nairobi, imezungukwa na elimu ya kila ngazi. Jirani kuna chuo cha kitaifa cha ufundi cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka wa 1924. Bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, wanakosomea madaktari wa mifugo, haliko mbali, na kando ya barabara ya Naivasha ipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Katikati yake wamo mafundi wa jua kali, wengi bila cheti chochote.

Mwajiri amchukue nani?

Wataalamu wa uchumi hulinganisha miaka ya masomo ya mfanyakazi na ile ambayo kazi yenyewe inahitaji. Stephan Kampelmann na François Rycx, waliochunguza kampuni za Ubelgiji, walichapisha mwaka wa 2012 kwamba miaka ya ziada iliongeza tija ya kampuni, ilhali upungufu uliipunguza. Matokeo hayo yanakinzana na imani ya waajiri wengi kwamba msomi akipewa kazi ndogo huzembea, kisha huhama.

Hata hivyo, hesabu ya miaka haielezi kilichosomwa. Mwenye shahada ya biashara anayekabidhiwa mashine ya kuchomelea vyuma amezidi kwa miaka lakini amepungukiwa na ujuzi. Mashine ikikwama, kazi husimama hadi fundi aitwe, na kampuni hulipa mishahara miwili kwa kazi moja.

Kenya yenyewe imechangia mkanganyiko huu kwa kuienzi shahada. Vyuo vya ufundi vya Nairobi na Mombasa, Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic, viligeuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki mwaka wa 2007, na kufikia 2013 vikawa vyuo vikuu kamili.

Kwa upande wa pili yuko fundi wa jua kali. Kwenye karatasi ana upungufu, ingawa huenda amechomelea milango kwa miaka 20. KNQA, mamlaka ya kusimamia viwango vya vyeti iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inasimamia utaratibu wa kutambua ujuzi wa namna hiyo: fundi hutahiniwa kwa kazi ya mikono yake, akifuzu hupewa cheti. Tatizo ni kwamba, kwa anayelipwa kwa siku, siku ya mtihani haina ujira.