Mzigo wa vifaa vya jikoni usilale jikoni

Leo siongelei matangazo wala namna ya kupata wateja. Naongelea sehemu unayolaza mzigo wako, maana mimi hili lilikaribia kunitia kwenye matatizo makubwa.

Niko Nyakahura, hapa Kagera. Nauza blenda, majagi ya umeme, pasi na majiko ya gesi kupitia stetasi na makundi ya WhatsApp. Wateja wangu wengi wako Biharamulo na Ngara. Nilipoanza sikuwa na fremu. Duka lilikuwa simu, stoo ilikuwa kona ya jikoni, pembeni ya gunia la mahindi na debe la maharage. Najua wengi mnaosoma hapa mko hivyo hivyo.

Siku moja nikatuma blenda kwa mama mmoja wa Benaco anayeuza juisi. Boksi lilikuwa limetoboka kidogo chini, nikapiga selotepu nikapakia kwenye gari. Kesho yake akanipigia. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia halafu akasema, "Mwanangu, hii mashine yako imenipiga shoti." Mkono ulikuwa umelowa juisi, akashika waya ili auchomoe, ukamrusha. Mkono ukafa ganzi karibu siku nzima. Nikamwomba anipigie picha ya waya. Kumbe panya alishautafuna, shaba iko nje kabisa. Lile tundu la boksi nililoziba ndo lilikuwa mlango wake.

Nilimrudishia hela yake yote na nauli ya mzigo. Lakini hela sio ishu. Ishu ni kwamba yule mama angeweza kufa, na sababu ingekuwa mimi kuweka mzigo sehemu mbaya na kutokagua. Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Mzigo na chakula visikae chumba kimoja
Meno ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu ayapunguze. Akifuata mahindi yako usiku, waya uko jirani, anautafuna pia. Jikoni kuna matatizo mengine: mvuke unaingia kwenye mota, mafuta yananata kwenye maboksi, moto wa jiko unalainisha plastiki. Kama una chumba kimoja tu, mzigo uweke upande wa mbali na jiko, na chakula kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

2. Usiweke boksi sakafuni
Panga matofali, juu yake weka mbao. Hizo ndo chaga zako. Acha pia nafasi ya kupitisha mkono kati ya maboksi na ukuta. Kipindi cha mvua sakafu na ukuta vinatoa unyevu, boksi linalainika, pini za plagi zinashika kutu. Nafasi hiyo inapitisha hewa, na inakusaidia kuona mavi ya panya mapema. Ukiyaona, kagua kila boksi la upande huo.

3. Ukijaribu kifaa, kipoe na kikauke ndo ukirudishe
Mteja anataka video ya jagi likichemsha maji, sawa, mchemshie. Kosa letu ni kumwaga maji na kufunga boksi hapo hapo. Maji yaliyobaki yanageuka unyevu ndani ya nailoni, na waya uliozungushiwa jagi la moto unalainika. Chomoa, mwaga maji, acha mfuniko wazi hadi lipoe na likauke kabisa. Waya ukunje kwa mizunguko mipana, usiuvunje kwa kuukaza.

Na usijaribu vifaa viwili vya moto kwenye ekstensheni moja. Umeme wetu ni volti 230. Jagi la wati 2000 linavuta karibu ampea 9. Ukiongeza lingine unafika 17 na zaidi, wakati plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13. Waya unachemka, na kama umefunikwa na maboksi, hapo ndo moto unapoanzia. Ekstensheni ikae wazi muda wote, usiweke mzigo juu yake. Umeme ukikatika ukiwa unajaribu kitu, chomoa kwanza. Unaweza kurudi ukiwa umeshatoka.

4. Mtungi wa gesi usikae na mzigo
Hapa naomba msome taratibu. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Maana yake wateja wa majiko ya gesi wanaongezeka, na sisi wenyewe tunapikia gesi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inashuka na kutuama sakafuni, chini ya kitanda, katikati ya maboksi. Cheche ndogo ya swichi inatosha kuilipua.

Mtungi usimame wima, sehemu yenye hewa, mbali na jua na moto. Usiulaze. Kabla ya kulala funga kwenye mtungi wenyewe, sio kwenye jiko tu. Ukisikia harufu ya gesi (harufu ile imewekwa makusudi ili ushtuke), funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote wala kuwasha kiberiti, toa watu nje, simu pigia huko nje. Zimamoto ni 114. Na kama unafikiria kuuza mitungi, ujue biashara hiyo ina leseni yake na inasimamiwa na EWURA. Usirundike mitungi chumbani ukasema ni ya wateja.

5. Juu ya friji sio shelfu
Friji linatoa joto nyuma na pembeni. Ukilizungushia maboksi linafanya kazi kwa shida, na maboksi yenyewe ni karatasi. Liache lipumue. Visu vya blenda viweke juu watoto wasipofika, na usiache waya unaning'inia mezani. Mtoto akiuvuta, jagi la maji ya moto linamwagikia yeye.

6. Kagua kabla ya kutuma
Geuza boksi pande zote sita. Likiwa na tundu, fungua. Chomoa kifaa kwenye umeme, kisha pitisha vidole kwenye waya wote toka plagi hadi mwisho. Piga picha ya waya na plagi, mtumie mteja kabla gari halijaondoka. Inachukua dakika 3. Mteja anakuamini zaidi, na kukitokea mzozo una ushahidi.

Waya ukiwa umetafunwa, usifunge selotepu ukauza kwa bei ya kutupa. Mpelekee fundi aweke waya mpya mzima, na mteja umwambie ukweli kwamba umebadilishwa.

Yule mama wa Benaco nilimtumia blenda nyingine baadaye, safari hii na picha za waya. Bado ni mteja wangu, na kila nikimtumia kitu ananiuliza, "Mwanangu, panya umewafukuza?"

Leo ukifunga kazi, chukua tochi ya simu uangalie nyuma ya maboksi yako. Ulichokikuta tuandikie hapo chini kwenye komenti, tusaidiane.