Kinachompata Bakteria Mkononi mwa Muuguzi

Muuguzi amemaliza kumbadilisha nepi mtoto njiti. Papo hapo dripu inaanza kulia, anaisogelea kanula ya mtoto yuleyule ili aone kama mshipa bado uko wazi. Hajamgusa mgonjwa mwingine wala hajaondoka kando ya inkubeta, na bado hapo katikati alipaswa kusafisha mikono. Bakteria wa tumboni, ambao kwenye nepi hawana madhara makubwa, wakipenya kupitia kanula wanafika kwenye damu ya kiumbe ambaye ngozi yake ni nyembamba na kinga yake ndiyo kwanza inaanza kujengeka.

Anayeogopwa zaidi ni Klebsiella pneumoniae. Utafiti wa BARNARDS, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia ya Kusini, Rwanda ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulimkuta akiongoza miongoni mwa bakteria wanaosababisha maambukizi ya damu kwa watoto wachanga. Dawa nyingi za antibiotiki amekwisha kuzizoea, ndiyo maana kumzuia mkononi ni muhimu kuliko kumfukuza akishaingia.

Ana urefu wa takriban mikroni 2. Wapange 500 ndipo upate milimita moja. Hadubini ya kawaida humwonyesha kama kijiti tu. Utando unaomfunika una unene wa nanomita chache, na mwanga hauwezi kutofautisha vitu vidogo kiasi hicho. Ili kuona spiriti ya kusafishia mikono inavyouharibu utando huo, inahitajika hadubini ya elektroni, chombo ambacho Ernst Ruska na Max Knoll walikianzisha Berlin mwaka 1931. Ndani yake hakuna hewa, hivyo bakteria hawezi kutazamwa akiwa hai. Watafiti humgandisha kwa kemikali katika sekunde waliyoichagua, humkausha, na mara nyingi humpaka dhahabu nyembamba. Picha ya kabla ya spiriti na ya baada yake huwa ni za bakteria tofauti, na mtafiti ndiye anayeunganisha kisa.

Kisa chenyewe kinasisimua. Ethanoli iliyomo kwenye spiriti hujipenyeza kati ya mafuta ya utando na kuulegeza. Bakteria aliyekuwa amejaa na laini anaonekana amebonyea, ametoboka, yaliyomo yakivuja. Wakati huohuo protini zake zinakunjuka na kuganda, kama ute wa yai kwenye kikaango. Kazi hiyo inahitaji maji. Spiriti tupu huwa dhaifu kuliko iliyochanganywa na maji, kwa sababu protini hazigandi vizuri pasipo maji. Ndiyo maana mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una ethanoli asilimia 80, si 100. Unahitaji pia muda: sekunde 20 hadi 30 za kusugua, vidole gumba na ncha za kucha zikiwemo. Mikono yenye damu au kinyesi ioshwe kwa sabuni na maji, kwani uchafu huidhoofisha spiriti.

Basi kwa nini mikono haisafishwi? Wengi hukimbilia kuwalaumu wauguzi, na mimi naona ni lawama isiyo haki. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi nyakati za kulazimika kusafisha mikono zinaweza kuzidi 20 kwa saa. Kunawa kwa sabuni kunachukua dakika nzima, bado hujahesabu hatua za kwenda kwenye sinki. Theluthi ya saa imeyeyuka, na watoto wanangoja. Didier Pittet na wenzake wa hospitali za Geneva waliliona hilo: kadiri kazi ilivyozidi, ndivyo mikono ilivyosafishwa kidogo. Wakaweka spiriti kando ya vitanda na kuendesha kampeni wodini. Kati ya 1994 na 1997 usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998.

Bango ukutani halitoshi. Chupa iwe pale mkono unapofika, na mama anayemlea njiti wake kifuani kwa mtindo wa kangaruu naye awe na yake. Famasi ya hospitali inaweza kuichanganya yenyewe: ethanoli, maji yaliyochemshwa na kupozwa, gliserini kidogo ya kulinda ngozi, na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Hiyo ya mwisho si ya mikono. Ni ya kuua spora zilizojificha ndani ya chupa, kwa sababu spiriti haiziwezi, na kwa ajili yake chupa hutengwa saa 72 kabla ya kupelekwa wodini.