Jina Likichafuliwa: Je, Mkristo Anaweza Kwenda Mahakamani?



Nikiwa likizo nyumbani, mama mmoja aliyewahi kuwa mhazini wa kigango aliniuliza: "Frateri, ni dhambi kumshtaki Mkristo mwenzangu?" Muumini mmoja alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la kigango kwamba mama huyo amekula fedha za mabati. Hesabu zilikaguliwa, haikupungua hata shilingi. Yule bwana akaenda kwake jioni, akaomba msamaha, akasamehewa. Lakini kwenye kundi hakuandika neno. "Nimemsamehe," mama akasema, "ila sokoni bado naitwa mwizi."

Tuanze na sheria ya nchi. Hapa Tanzania, kama katika nchi nyingine zilizorithi sheria ya Uingereza, kosa hili huitwa kashfa, na aliyechafuliwa anaweza kufungua kesi ya madai. Ataonyesha mambo matatu. Kwanza, maneno yale yanamshushia heshima mbele ya watu wenye busara. Pili, yanamhusu yeye. Si lazima atajwe jina, inatosha wasomaji wamtambue. Tatu, yamemfikia mtu mwingine. Ukimtukana mtu mkiwa wawili tu, umemkosea, lakini hiyo si kashfa. Ukiandika kwenye kundi, ni jambo jingine.

Akishathibitisha hayo, mzigo unamhamia aliyesema. Yeye ndiye atakayepaswa kuonyesha kwamba maneno yake ni ya kweli. Anaweza pia kujitetea kwamba alitoa maoni ya haki juu ya jambo la umma, au kwamba alisema mahali panapolindwa na sheria, kama shahidi akiwa mahakamani. Hata anayepeleka taarifa kwa nia njema kwa mtu mwenye wajibu wa kuishughulikia huwa na kinga. Kumbe yule bwana angepeleka mashaka yake kwa Baba Paroko badala ya kundini, angekuwa mahali salama zaidi.

Mzigo huo wa kuthibitisha si mwepesi. Mwaka 1851, Mtakatifu John Henry Newman alimtuhumu hadharani Giacinto Achilli, aliyekuwa Mdominikani, kwa makosa mazito ya uasherati. Achilli akamshtaki. Newman aliita mashahidi kutoka Italia, lakini mwaka 1852 baraza la wazee wa mahakama likaona tuhuma hazikuthibitishwa. Mwezi Januari 1853 alitozwa faini ya pauni 100. Gharama za kesi zilipita faini hiyo kwa mbali, nazo zililipwa kwa michango ya Wakatoliki wa nchi mbalimbali. Watu wengi waliona hukumu ile haikuwa ya haki. Hata hivyo inatufundisha kwamba kuamini jambo ni kitu kimoja, na kulithibitisha mbele ya hakimu ni kitu kingine.

Je, dhamiri inasemaje? Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya wasioamini (1Kor 6), lakini yeye mwenyewe alipoonewa alikata rufaa kwa Kaisari (Mdo 25). Mtakatifu Thomaso wa Akwino anafundisha kwamba tuwe tayari kuvumilia matusi, lakini mara nyingine tunapaswa kuyajibu, ili kumzuia mkosaji asizidi na ili watu wengine wasidhurike. Kwa hiyo kushtaki si dhambi kwenyewe. Kushtaki kwa kisasi ndiko kunakoharibu.

Tena Kanisa linadai zaidi ya mahakama. Mahakamani, mara nyingi ukithibitisha ukweli umepona. Katekisimu (2477) inasema kufichua makosa ya mwenzako pasipo sababu ya haki, hata kama ni ya kweli, ni kusengenya. Na namba 2487 inafundisha kwamba aliyekosa ana wajibu wa kufidia madhara hata kama amekwisha kusamehewa. Msamaha na fidia ni vitu viwili.

Basi, nilimshauri mama afuate hatua za Mathayo 18: amweleze peke yake, kisha aende na mtu mmoja au wawili, kisha alifikishe kwa viongozi wa kigango. Wakati huohuo ahifadhi picha ya ujumbe ule kabla haujafutwa, pamoja na majina ya walioupokea. Ikishindikana, wakili aandike barua ya kudai kauli ifutwe na radhi iombwe. Kesi iwe ya mwisho, lakini asichelewe: Tanzania muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3, na jirani zetu Kenya ni miezi 12 tu.

"Sitaki hela yake," mama akanijibu. "Nataka aandike palepale alipoandika."

Alikuwa ameeleza fidia vizuri kuliko daftari langu la maadili. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fedha, lakini jina hurudi mbele ya walewale waliosikia likichafuliwa. Ndugu msomaji, kama una deni la namna hii, usiishie kwenye kitubio wala kwenye radhi ya sebuleni. Fungua kundi lilelile, uandike kwamba ulichosema hakikuwa kweli.